Seli za perovskaiti: ufanisi umepatikana, umri bado

Mwaka 2009, katika Chuo Kikuu cha Toin mjini Yokohama, Tsutomu Miyasaka na mtafiti kijana Akihiro Kojima walichapisha habari za seli ya jua ambayo haikumshtua mtu. Iligeuza 3.8% tu ya mwanga kuwa umeme, wakati silikoni ya maabara ilikuwa imekwisha kufika 25%. Tena haikudumu. Kiungo chake kikuu, chumvi yenye risasi na iodini, kilikuwa kimezamishwa katika kimiminika, na kimiminika hicho hicho kikawa kinakiyeyusha. Dakika chache zikipita, seli imekwisha.

Kufikia mwaka 2024, jamii hiyo hiyo ya chumvi ilikuwa imethibitishwa kufika 26.7%. Ikipandishwa juu ya silikoni ili zote mbili zifanye kazi kwa pamoja, imefika 34.85%, rekodi iliyotangazwa na kampuni ya LONGi ya China Aprili 2025. Silikoni yenyewe ilianza na 6% katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1954, na ilihitaji karibu nusu karne kupanda hadi 25%. Hakuna malighafi ya sola iliyowahi kukimbia kwa kasi hii.

Hizo ni habari za upande mmoja. Upande wa pili ni umri, na huko watu hawahesabu asilimia, wanahesabu saa. Na aghalabu ni saa za maabara, chini ya taa, ndani ya sanduku lililojazwa naitrojeni. Paneli ya silikoni huuzwa na dhamana ya miaka 25 au 30. Je, ufanisi na umri wa perovskaiti ni matatizo mawili, la kwanza likiwa limetatuliwa na la pili likisubiri zamu yake? Ndivyo yanavyoelezwa mara nyingi. Mimi naona ni tatizo moja lenye nyuso mbili, na kwamba maabara zilizopiga hatua za kweli ni zile zilizolitazama hivyo.

Perovskaiti kwa asili ni jina la jiwe. Ni oksidi ya kalsiamu na titani iliyopatikana katika milima ya Ural, ikaelezwa na Gustav Rose mwaka 1839 na kupewa jina la Lev Perovski, mkubwa wa serikali ya Urusi aliyependa madini. Leo kilichobaki ni mpangilio wa atomi tu, kwa maana hakuna kalsiamu wala titani katika chumvi hii ya sola. Kila chumba cha fuwele kina nafasi za aina tatu. Kubwa hukaliwa na methilamonia, fomamidini au sesiamu. Ya pili ni ya risasi. Ya tatu ni ya iodini au bromini. Ukibadilisha wakazi, tabia hubadilika. Ongeza bromini, na utando utameza mwanga wa buluu na kijani huku ukiuachia mwekundu upite. Rudisha iodini, na mwekundu nao utamezwa. Uwezo huu wa kuchagua rangi ya mwanga silikoni haina, nao ndio utakaoamua mambo mengi huko mbele.

Utando wa nanomita 500, yaani nusu ya maikromita, unatosha kumeza mwanga unaohitajika, ilhali kipande cha silikoni huwa na unene wa maikromita 150 hivi. Silikoni huyeyushwa kwa joto la zaidi ya digrii 1,400. Perovskaiti huchanganywa na kiyeyushi, hupakwa juu ya kioo na kukaushwa kwa digrii 100 hadi 150, na fuwele hujipanga zenyewe. Si hivyo tu: nyingi ya kasoro zinazotokea ndani ya fuwele hizo hazinasi elektroni, ilhali wingi kama huo wa kasoro katika silikoni ungeua seli. Ndiyo maana hata wanafunzi katika maabara ya kawaida wameweza kutengeneza seli nzuri bila mitambo ya mabilioni.

Ila kinachojengeka kwa joto dogo hubomoka kwa joto dogo. Mfinyanzi hupenda udongo mbichi kwa sababu unamtii. Lakini chungu kibichi hakitiwi maji. Vifungo vinavyozishika atomi za perovskaiti ni dhaifu, na udhaifu huo ndio unaoziwezesha kujipanga kwa digrii 100. Udhaifu huo huo ndio unaoruhusu ayoni za iodini kung'oka mahali pake na kutembea ndani ya seli pale jua linapowaka au volti inapovuta. Kila mbinu ya kuboresha seli hizi, ukiichunguza, ni jaribio la kubaki na faida ya ulaini bila kulipa gharama yake.

Tuanze na ufanisi. Ni zao la mambo matatu: volti, mkondo, na kigezo cha ujazo, yaani ni kiasi gani cha volti na mkondo huo kinaweza kutumika kwa wakati mmoja. Seli bora za miaka ya karibuni hutoa volti 1.19 hivi, miliampea karibu 25.8 kwa kila sentimita ya mraba, na kigezo cha ujazo cha 0.84. Zidisha, utapata miliwati 25.8 kati ya miliwati 100 za jua zinazoangukia sentimita hiyo. Mkondo umekaribia kikomo chake tangu zamani kidogo. Mwanga unaomezeka umekwisha kumezwa. Kilichokuwa kikivuja ni volti. Nadharia inaruhusu takriban volti 1.25 kwa aina hii ya perovskaiti, na seli za mwanzo zilikuwa zinakwama kwenye volti 1 au chini yake. Pengo hilo lilikuwa na sababu moja kubwa: elektroni iliyoamshwa na mwanga ilikuwa inanaswa kwenye kasoro za uso wa fuwele, mipakani mwa chembe, au pale perovskaiti inapogusana na tabaka jirani, na kuishia kuwa joto kabla ya kufika kwenye waya.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuondoa kimiminika. Mwaka 2012 Nam-Gyu Park wa Korea Kusini, akishirikiana na Michael Grätzel wa Lausanne, alitumia tabaka gumu badala yake, akapata 9.7% na seli iliyodumu saa 500. Mwaka huo huo Henry Snaith na wenzake wa Oxford walifika 10.9%, wakaonyesha jambo ambalo watu hawakulitarajia: perovskaiti inaweza kusafirisha umeme yenyewe, haihitaji kubebwa. Hapo ndipo mbio zilipoanza. Angalia lakini kwamba badiliko lile lile moja, la kutupa kimiminika, lilipandisha ufanisi na umri kwa pamoja.

Hatua iliyofuata inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo iliyozaa rekodi na pia ndiyo iliyochelewesha viwanda. Fundi wa maabara huweka kipande cha kioo chenye upana wa vidole viwili hivi juu ya kisahani kinachozunguka maelfu ya mara kwa dakika, akadondosha juu yake mchanganyiko wa rangi ya njano. Kioo kikiwa bado kinazunguka, katika sekunde maalumu ambayo kila maabara huitafuta kwa kujaribu, hudondosha kiyeyushi cha pili, toluini kwa mfano, kisichopatana na cha kwanza. Ghafla chumvi hukosa pa kukaa katika maji yake, na mamilioni ya fuwele ndogo huchipuka kwa mpigo mmoja. Utando hupelekwa kwenye sahani ya moto, na macho ya fundi huuona ukigeuka kahawia, kisha mweusi unaong'aa kama kioo cha giza. Akichelewa sekunde chache, utando unatoka na ukungu na seli haifai. Sang Il Seok na kundi lake la Korea Kusini ndio waliofanya mbinu hii ijulikane mwaka 2014, na kwa miaka kadhaa Korea ikawa inaongoza jedwali la rekodi.

Tatizo ni kwamba kipande hicho, eneo lake lililopimwa, mara nyingi ni sehemu ya kumi ya sentimita ya mraba au pungufu. Paneli ya kuuzwa ina mita mbili za mraba. Huwezi kuizungusha paneli ya mita mbili maelfu ya mara kwa dakika na kuidondoshea toluini. Viwanda vimelazimika kujifunza upya: kupaka kwa mdomo mwembamba wa chuma unaopita juu ya kioo, kukausha kwa upepo mkali au kwa kunyonya hewa, kisha kukata utando kwa leza ili kugawa paneli kuwa vijiseli vinavyoungana. Kila hatua inapunguza asilimia kadhaa. Msomaji anayekutana na tangazo la rekodi aulize kwanza ukubwa wa seli. Tangazo lisilotaja ukubwa huwa lina sababu ya kutoutaja.

Jingine la kuuliza ni namna ya kupima. Karibu mwaka 2014 watafiti waligundua kwamba seli ile ile ikipimwa volti ikipanda inatoa jibu moja, ikipimwa volti ikishuka inatoa jibu jingine, na tofauti si ndogo. Chanzo ni ayoni zinazotembea ndani na kuchelewa kufika. Kwa muda mrefu jedwali la maabara ya taifa ya Marekani, NREL, ambalo dunia nzima hulitazama, liliandika kando ya perovskaiti kwamba ni seli ambazo hazijatulia. Kwa uungwana wa kisayansi hilo lilikuwa onyo zito kuliko makala nyingi.

Baada ya hapo kazi ilihamia kwenye viungo. Mwaka 2016 Michael Saliba na wenzake wa Lausanne waliongeza sesiamu kidogo kwenye mchanganyiko wa methilamonia na fomamidini, wakapata 21.1%; la maana zaidi, matokeo yakawa yanarudika, seli ya Jumatatu ikafanana na ya Ijumaa. Kisha kazi ikahamia kwenye nyuso. Chumvi za amonia zenye mkia mrefu wa kaboni zikapakwa juu ya utando ili kuziba nafasi zilizoachwa wazi na iodini. Huko Berlin, katika kituo cha Helmholtz, kwa ushirikiano na wakemia wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Kaunas, Lithuania, zikabuniwa molekuli zinazojipanga zenyewe katika tabaka la molekuli moja tu, upande mmoja ukishika kioo na wa pili ukiipokea perovskaiti.

Molekuli hizi ndogo zina umuhimu kuliko ukubwa wake. Kabla yake, tabaka lililotumika sana lilikuwa la spiro-OMeTAD, kemikali ghali ambayo haisafirishi umeme vizuri mpaka ichanganywe na chumvi ya lithiamu. Na chumvi ya lithiamu hunywa unyevu wa hewani. Kwa hiyo kwa miaka mingi rekodi zilikuwa zinajengwa juu ya tabaka lililokaribisha adui ndani ya nyumba. Walioshindania asilimia tu waliendelea nalo, maana lilitoa volti nzuri siku ya kupimwa. Walioshindania umri walilitupa mapema, wakakubali kushuka, halafu wakapanda tena kupitia molekuli za Berlin na Kaunas. Hapa ndipo nyuso mbili za tatizo zinapoonekana wazi: kasoro inayoiba volti leo ndiyo mlango ambao ayoni itapita kesho. Ukiuziba vizuri, unapata vyote viwili. Ukiuziba kwa dawa ya kudanganyia, unapata kimoja na kupoteza kingine.

Sasa umri. Maadui wa nje ni maji na oksijeni, na hao ndio wanaotajwa zaidi magazetini. Kwa maoni yangu ndio wepesi. Perovskaiti ni chumvi, ikilowa inaharibika, hilo halina ubishi. Lakini ukiifunga kati ya vioo viwili na kuzungushia kingo zake mpira wa butili, maji hayapiti. Kinachotakiwa ni uangalifu tu: plastiki ya EVA iliyozoeleka katika paneli za silikoni hutoa asidi ya siki inapozeeka, na joto la kuibandikia ni kubwa, hivyo wengi wamehamia plastiki za aina nyingine. Mwenye paneli pwani, kwenye hewa ya chumvi, bado ana haki ya kuwa na shaka juu ya kingo, kama anavyotakiwa kuwa nayo hata kwa silikoni.

Maadui wa ndani ndio wagumu, kwa sababu kioo hakiwazuii. Wa kwanza ni joto. Methilamonia ni molekuli nyepesi, hupenda kutoroka. Kwenye digrii 85 seli iliyotengenezwa kwa methilamonia na iodini peke yake huvunjika na kuacha iodidi ya risasi, ambayo ni ya njano. Fomamidini ni nzito na tulivu zaidi, lakini ina kilema chake. Umbo lake jeusi, lile linalotoa umeme, hutulia kikamilifu kwenye joto la zaidi ya digrii 150. Kwenye joto la kawaida la chumba linatamani kugeuka umbo jingine la njano lisilofaa kwa sola. Sesiamu huingizwa ili kulizuia. Karibu kila mchanganyiko unaosifiwa leo ni maelewano ya aina hii.

Wa pili ni mwanga wenyewe. Mwaka 2014 Eric Hoke na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba utando wenye iodini na bromini nyingi, ukiangaziwa, hujitenga: iodini inakusanyika huku, bromini kule. Ukizima taa vinachanganyika tena. Jua linaivuruga seli ya jua! Hilo ni tatizo kubwa hasa kwa seli za kupandana, kwa sababu zenyewe ndizo zinazohitaji bromini ya kutosha.

Wa tatu ni umeme. Ayoni zikivutwa na volti hufika mpaka kwenye elektrodi ya fedha na kuila. Na kivuli nacho kina madhara yake: tawi la mwembe au kinyesi cha kunguru kikifunika kijiseli kimoja, vingine vinakisukuma kwa volti ya kinyume. Silikoni huvumilia volti kumi na zaidi za namna hiyo. Perovskaiti peke yake inaweza kuungua kwa volti chache tu. Utafiti umeonyesha pia kwamba baadhi ya seli huchakaa zaidi zikipata mchana na usiku kwa zamu kuliko zikimulikwa mfululizo, kwa hiyo saa elfu moja za taa isiyozimwa si saa elfu moja za dunia hii.

Na kipimo cha viwandani kinasemaje? Kiwango cha kimataifa cha IEC 61215, kilichotungwa kwa kuiangalia silikoni, kinataka paneli ikae saa 1,000 kwenye digrii 85 na unyevu wa 85%. Saa 1,000 ni siku 42 hivi. Kwa silikoni siku hizo zinasema mengi, kwa kuwa tunajua kwa uzoefu wa miongo mingi kinachoiua. Kwa perovskaiti zinasema machache, maana jaribio lenyewe hufanyika gizani, na tumekwisha kuona kwamba chumvi hii huumizwa na joto na mwanga vinapokuja pamoja. Mwaka 2020 watafiti wengi wa nchi mbalimbali waliafikiana juu ya taratibu za ISOS, zinazotaka kila mtu aseme wazi: joto gani, taa gani, volti gani, hewa gani, mchana na usiku au mfululizo. Ni hatua nzuri kuliko rekodi yoyote ya mwaka ule. Lakini ni makubaliano ya waungwana. Hayamfungi muuzaji.

Mfano mmoja unaonyesha jinsi ya kusoma takwimu hizi. Mwaka 2022 kundi la Yueh-Lin Loo katika Chuo Kikuu cha Princeton lilitengeneza seli za sesiamu tupu, bila methilamonia wala fomamidini, zikiwa na tabaka jembamba la kulinda uso. Waliziunguza kwa joto hadi digrii 110 huku zikimulikwa, wakapima kasi ya kuchakaa, wakakadiria kwamba kwenye digrii 35 zingefanya kazi saa 51,000. Ufanisi wao ulikuwa 17.4%. Ni kazi ya kuheshimiwa, hasa kwa kuwa waliachana na mbio za asilimia ili kuuliza swali la umri kwa uaminifu.

Ila digrii 35 ni za Princeton. Paneli huwa na joto la digrii 25 hadi 30 juu ya hewa inayoizunguka jua likiwa la utosi. Juu ya bati la Tanga au Lamu, hewa ikiwa digrii 32, paneli inafika 60 bila shida, na ikilazwa moja kwa moja juu ya bati bila nafasi ya upepo chini yake inapita hapo. Wakemia wana kanuni ya haraka, isiyo sheria, kwamba mmenyuko huongeza kasi maradufu kwa kila digrii kumi. Kutoka 35 hadi 65 ni mara nane. Saa 51,000 zinakuwa kama 6,400. Kama paneli inakaa kwenye joto hilo saa tano na nusu kwa siku, hiyo ni miaka mitatu na kitu. Hesabu yangu hii ni ya mkono, wala si hukumu juu ya seli za Princeton. Inaonyesha tu kwamba umri uliotajwa bila joto hauna maana kwa mtu anayeishi karibu na ikweta.

Kwa nini basi tusiiache chumvi hii na kubaki na silikoni? Kwa sababu silikoni imefika karibu na ukuta. Nadharia inaifungia 29.4%, na maabara zimekwisha kupita 27%. Bei nayo imeporomoka mno. Mwaka 2024 paneli zilikuwa zinauzwa China kwa senti 10 hivi za Marekani kwa wati. Hoja ya zamani kwamba perovskaiti itashinda kwa urahisi wa bei imekufa hapo, na ni vizuri wanaoitetea wakubali. Kinachogharimu sasa ni ardhi, vyuma, nyaya, fundi na usafiri, na vyote hivyo hupungua kama paneli moja itatoa umeme zaidi kwenye eneo lile lile. Hapo ndipo seli za tandemu zinapoingia: perovskaiti juu inameza buluu na kijani, silikoni chini inapokea mwekundu na ule usioonekana kwa macho. Kikomo cha nadharia kinapanda kupita 40%. Na silikoni iliyo chini inaikinga perovskaiti dhidi ya volti za kinyume zinazoletwa na kivuli. Ni ndoa yenye faida kwa pande zote.

Kampuni ya Oxford PV, iliyotokana na maabara ya Snaith na yenye kiwanda Brandenburg nchini Ujerumani, ilianza kuuza paneli za aina hii mwezi Septemba 2024, zikiwa na ufanisi wa 24.5%, kwa mzalishaji wa umeme wa Marekani. China imejenga viwanda vikubwa, kikiwemo cha GCL huko Kunshan na cha UtmoLight huko Wuxi. Japani imechukua njia yake: nchi ya milima, isiyo na mashamba tambarare ya kutandaza vioo, inataka filamu nyepesi za perovskaiti za kubandikwa kwenye kuta na paa dhaifu, na serikali imeweka lengo la gigawati 20 ifikapo 2040. Inayo pia sababu ambayo haisemwi kwa sauti kubwa: karibu theluthi moja ya iodini ya dunia hutoka Japani, nyingi katika mkoa wa Chiba.

Tufanye hesabu, kwa kuwa bila hesabu mjadala huu hauishi. Chukua mita moja ya mraba mahali panapopata saa 2,000 za jua kamili kwa mwaka. Paneli ya silikoni ya 22% itatoa yuniti 440 mwaka wa kwanza. Ikichakaa nusu asilimia kwa mwaka, kwa miaka 25 itakuwa imetoa yuniti 10,340 hivi. Paneli ya tandemu ya 27% itaanza na yuniti 540. Ikichakaa asilimia 2 kwa mwaka, kwa miaka 25 hiyo hiyo itatoa yuniti 10,260. Yaani faida yote imeliwa. Kuanzia mwaka wa 13, kila mwaka inatoa pungufu ya silikoni iliyo jirani yake. Asilimia tano za ufanisi, zilizogharimu kazi ya miaka kadhaa ya maelfu ya watafiti, zinafutwa na asilimia moja na nusu ya uchakavu. Tandemu inayochakaa asilimia moja tu kwa mwaka, kwa upande mwingine, inashinda waziwazi. Vita vyote vya sasa vinapiganwa kwenye tofauti hiyo kati ya moja na mbili.

Bado risasi. Utando wa nanomita 500 kwenye mita ya mraba una chini ya gramu moja ya risasi. Betri ya kawaida ya sola ya asidi na risasi ina zaidi ya kilo kumi. Kwa wingi, basi, hofu inapaswa kuelekezwa kwenye betri kwanza. Na sisi Afrika Mashariki tuna sababu ya kulijua hilo. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu sumu ya risasi, na Phyllis Omido, aliyeongoza kupigania haki yao, alipata tuzo ya Goldman mwaka 2015. Lakini risasi ya perovskaiti iko katika umbo linaloyeyuka kwenye maji, na kioo kikivunjika kwa mawe au upepo mvua itaikuta. Kubadilisha risasi kwa bati la kemia, yaani tini, kumejaribiwa. Tini huchafuliwa na oksijeni upesi na ufanisi wake uko nyuma sana. Kwa sasa jibu la kweli ni kukusanya paneli zilizokwisha muda. Na Owino Uhuru inatuonyesha yanayotokea ukusanyaji unapoachwa kwa mwenye tanuri wa kwanza kufika.

Nimalizie na hukumu, kwa kuwa uchambuzi usiotoa hukumu unamwachia msomaji kazi ya mwandishi. Kwa mitambo mikubwa, yenye wahandisi wa kupima kila siku na mikataba inayombana muuzaji, tandemu inastahili kujaribiwa, na mwenye uwezo aijaribu kwa safu chache kabla ya kuitandaza. Mashirika ya viwango kama TBS na KEBS yasisubiri mzigo ufike bandarini. Yaandae kipimo kinachounganisha joto, mwanga na zamu ya mchana na usiku, tofauti na lile jaribio la gizani la siku 42. Muuzaji akikuletea paneli ya perovskaiti, muulize imepimwa kwa saa ngapi, kwenye digrii ngapi, ikiwa inamulikwa au la, na nani atalipa ikishuka chini ya 80% kabla ya mwaka wa kumi. Akikujibu kwa asilimia ya ufanisi, hajajibu. Na kwa mwenye nyumba anayetaka kuweka sola juu ya bati lake mwaka huu: nunua silikoni, na uiachie nafasi ya upepo chini yake.